Kutoka Kazi ya Mkataba Kwenda Ajira ya Kudumu

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Keroka



Kamati imetutuma tuseme juu ya jambo moja ambalo katika mwaka unaokwisha limeletwa mbele yetu mara nyingi kuliko jambo jingine lolote, ukiondoa misiba. Nalo ni la mtu aliye katika kazi ya mkataba, ambaye amepata habari ya kazi ya kudumu mahali pengine. Afanye nini? Aiache aliyo nayo? Aiache lini, na kwa njia gani? Na sisi tulioungana katika chama hiki ili tusaidiane, tuna sehemu gani katika safari yake?

Msidhani kuwa ni jambo dogo. Mashamba yetu yamegawanywa kizazi baada ya kizazi, hata mengine hayatoshi migomba ya nyumba moja. Katika boma nyingi, mshahara wa mtoto mmoja ndio karo ya wadogo zake, ndio dawa ya mama yake, na ndio mbolea ya chai iliyobaki. Huyo mmoja akikosea njia, wanaoumia ni wengi ambao hawakuulizwa.

Wahenga walituachia neno: Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu uliochakaa. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Walitaka kusema ya kwamba mtu asitupe kitu chake kikuukuu kwa ajili ya kizuri cha wengine kinachopita. Neno hili tumelisikia likitumiwa na wazazi wengi kumzuia kijana asiondoke kazini. Lakini yatupasa tuulize: katika habari hii, mbacha ni upi, na msala upitao ni upi? Kwani mkataba wenyewe ni kitu kipitacho, nao umeandikwa siku ya kupita kwake. Na ajira ya kudumu, kama imo katika maneno ya mdomo tu, nayo ni msala upitao. Basi methali hii haimkatazi mtu kuondoka. Yamtaka atazame vizuri anachokiacha na anachokishika.

TULIKOTOKA

Yafaa tukumbuke kwanza wazee wetu walivyoanza. Makampuni yalipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1924 na 1925, njia ya kutoka Kisii kupitia Keroka na Sotik ikawa njia ya watu wetu ya kwenda kutafuta fedha za kodi. Katika mashamba ya walowezi na ya makampuni wakati huo wengi walifanya kazi kwa tikiti. Tikiti ilikuwa karatasi ya siku 30 za kazi, na siku hizo zilipaswa kukamilika ndani ya siku 42. Siku ambayo mtu alifanya kazi ilitiwa alama. Siku aliyougua haikutiwa kitu.

Tusiidharau tikiti kwa haraka. Ilimpa mtu nafasi ya kurudi kwao kupanda wimbi, kuoza binti, au kumzika baba yake, kisha akaenda tena. Hiyo ndiyo sababu wako wazee waliokataa kuandikwa kwa muda mrefu hata walipotakiwa. Lakini tikiti ilimfanya mtu awe mgeni wa kila mwezi. Hata kama alirudi shamba lile lile kwa miaka kumi, hesabu yake ilianza upya kila alipopewa karatasi mpya. Na mshahara wake ulipimwa kwa mtu mmoja asiye na mke, kana kwamba mkewe na watoto walilishwa na shamba la nyumbani bila ya gharama. Mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ilipendekeza ya kwamba mambo hayo yabadilike: mfanyakazi akae kazini kwa kudumu, na mshahara wake upimwe kwa kufikiri jamaa yake.

Kadhalika ndugu zetu waliokwenda pwani walikuta neno kibarua. Maana yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku. Jua lilipotua, cheti kile kilikwisha, na kesho yake alisimama tena langoni pamoja na wenzake akingoja kuitwa.

Leo tikiti haipo tena, wala kipande hakining'inii shingoni mwa mtu. Lakini mkataba mfupi upo: wa msimu wa chai, wa miezi 3, wa mwaka mmoja, wa miaka 3. Tumewaona walimu vijana wa shule za sekondari za chini walioanza mwaka 2023 kama wanagenzi, kwa malipo madogo na kwa mkataba wa muda. Walikwenda mahakamani na wakagoma, mpaka walimu wapatao 46,000 walipoingizwa katika ajira ya kudumu mwezi wa Januari 2025. Tumewaona watumishi wa afya walioajiriwa mwaka 2020 kwa mikataba ya miaka 3 wakikaa miaka mitano wakidai waandikwe kwa kudumu. Wengine wao ni watoto wa wanachama wa chama hiki, na tunajua jinsi walivyoishi katika miaka hiyo.

MAMBO MATATU TULIYOYAONA

Tutasimulia habari za wanachama watatu. Majina hatuyataji, na waajiri wao hatuwataji, kwa kuwa hatukuja hapa kushitaki.

Wa kwanza ni kijana wa upande wa Nyamira, fundi wa mitambo, aliyekuwa akifanya kazi kwa mkataba wa miezi 9 uliokuwa ukiandikwa upya kila mwaka. Jamaa yake mmoja alimpigia simu kutoka mji mwingine akamwambia, "Njoo upesi, hapa kuna nafasi ya kudumu, nimekwisha sema na mkubwa." Kijana huyu alikusanya nguo zake usiku, hakumwaga msimamizi wake, hakuandika notisi. Alipofika huko aliambiwa angoje wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi miwili, kisha nafasi ile akapewa mtu mwingine. Aliporudi kuomba kazi yake ya kwanza alikuta jina lake limeandikwa miongoni mwa watoro. Na baadaye alipopata mahali pengine palipomtaka aonyeshe cheti cha utumishi, hakuwa nacho, na aliona haya kwenda kukidai.

Wa pili ni mwuguzi, mama wa watoto wawili, aliyekuwa na mkataba wa miaka 3. Alipata barua ya ajira ya kudumu ukiwa umebaki muda wa wiki tano tu mkataba wake ukamilike. Alitaka kuondoka siku ile ile. Mumewe alimsihi asome kwanza mkataba wake, nao wakauona mstari uliosema ya kwamba kiinua mgongo hulipwa kwa mtu aliyekamilisha muda wake. Basi mama yule alimwandikia mwajiri mpya barua ya adabu, akaeleza kuwa ameikubali kazi, akaomba apewe tarehe ya kuanza baada ya wiki sita. Alijibiwa kwa neno moja la kukubali. Aliogopa kuuliza, lakini kuuliza hakukumgharimu kitu.

Wa tatu ndiye anayetuhuzunisha zaidi, kwa sababu kosa lilikuwa letu. Alikuwa dereva mwenye mkataba. Barua yake ya kazi mpya ilikuwa mkononi, yenye sahihi na muhuri, nayo ilimtaka afike kazini katika siku 10. Mkataba wake ulimtaka atoe notisi ya mwezi mmoja, au alipe mshahara wa mwezi badala yake. Hakuwa na fedha hizo. Tena alihitaji nauli, kodi ya chumba, na chakula mpaka mshahara wa kwanza. Alikuja mbele ya Kamati akaomba mkopo. Tukafungua katiba yetu, tukamwambia kwamba chama hukopesha kwa ajili ya karo na hutoa kwa ajili ya mazishi, wala hakuna kifungu cha jambo lake. Alitushukuru, akaenda zake. Siku 10 zikapita. Barua ile bado anayo nyumbani, nasi tumeiona. Mkataba wake ulikwisha miezi minne baadaye, na haukuandikwa upya.

Ndugu zetu, mwanachama huyo angalikufa wiki ile, tungalimchangia jeneza, gari, na chakula cha waombolezaji, na fedha zetu zingalizidi mara kadhaa zile alizotuomba. Neno hili ni zito kusemwa katika mkutano, lakini ni kweli, na ndilo lililotufanya tuandike hotuba hii.

YALIYOMO KATIKA SHERIA

Wengi huacha kazi vibaya kwa sababu hawajui sheria inavyosema. Tutaeleza kwa maneno mepesi yale yaliyomo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007.

Kwanza, mkataba wa kazi wa muda wa miezi 3 au zaidi wapasa kuwa wa maandishi, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuuandika. Mtu asiyejua kusoma hana budi kuelezwa kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia kidole chake.

Pili, kibarua aliyefanya kazi mfululizo muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo kwa jumla haiwezi kutazamiwa kumalizika katika miezi 3, huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, na hafukuzwi kama kibarua wa siku. Lakini msichanganye jambo hili na mkataba wa muda maalum. Mkataba ulioandikwa tarehe ya mwisho hukoma tarehe hiyo, na mahakama zetu zimesema mara nyingi ya kwamba mfanyakazi hawezi kudai uongezwe, isipokuwa mwajiri mwenyewe amempa sababu ya kutarajia hivyo. Kuandikwa upya mara tatu si ahadi ya kuandikwa mara ya nne.

Tatu, mtu anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba wake wataja muda mrefu zaidi. Asiyeweza kungoja aweza kulipa fedha za muda huo badala ya notisi. Na kama mtu ametoa notisi kwa kufuata sheria, naye mwajiri akamwambia, "Nenda leo, hatukuhitaji tena," basi ni mwajiri atakayemlipa siku zile zilizosalia, ila kama wamepatana vingine. Basi mwenye kuandika notisi hujilinda, na anayetoroka hupoteza.

Nne, anayeondoka ana haki ya mshahara wa siku zote alizofanya kazi. Ana haki pia ya malipo ya likizo ambayo hajaichukua, nayo kwa aliyefanya kazi miezi miwili au zaidi ni siku moja na robo tatu kwa kila mwezi. Kadhalika ana haki ya cheti cha utumishi, ikiwa amefanya kazi wiki nne au zaidi. Cheti hicho si zawadi ya mwajiri, bali ni haki, na mtu akiombe kwa adabu lakini akiombe.

Tano, ajira ya kudumu huanza na kipindi cha majaribio. Kipindi hicho hakiwezi kuzidi miezi 6, ingawa chaweza kuongezwa miezi mingine isiyozidi 6 kwa idhini ya mfanyakazi. Katika majaribio, notisi ni siku 7 tu, au malipo ya siku 7. Hapa ndipo penye hatari ambayo vijana hawaioni. Mtu aliyekuwa na mkataba uliobakiza mwaka mzima huuacha akaingia mahali ambapo kwa miezi 6 ya kwanza aweza kuambiwa aondoke kwa notisi ya wiki moja. Hatusemi asiingie. Twasema ajue, na katika miezi ile asikope kwa kununua pikipiki, wala asianze kujenga.

HESABU YA KWELI

Watu wengine hulinganisha mshahara na mshahara, wakaishia hapo. Tuchukue mfano tu. Mtu ana mkataba wa miaka 3 wenye mshahara wa msingi wa shilingi 40,000, na kiinua mgongo cha asilimia 31, kama ilivyo desturi katika mikataba mingi ya utumishi wa umma. Kwa kila mwezi ni kana kwamba ana shilingi 52,400. Anaitwa katika kazi ya kudumu ya serikali yenye mshahara wa shilingi 36,000. Katika mpango wa malipo ya uzeeni ulioanza Januari 2021 kwa watumishi wa serikali na walimu, mwajiri humwekea mtu asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, yaani shilingi 5,400. Jumla ni 41,400. Jirani atamwambia, "Wewe una wazimu, waacha 52,400 kwa 41,400?"

Lakini endeleeni kuhesabu. Miezi 36 ya mkataba huleta shilingi 1,886,400. Mkataba ukikoma, naye akakaa miezi 10 akitafuta kazi, basi fedha zile zimegawanyika kwa miezi 46, na kila mwezi ni kama shilingi 41,000. Yaani miezi 10 ya kukaa bila kazi imekwisha kula faida yote. Na katika miezi hiyo 10 karo haikungoja. Kinyume chake, mtu ambaye ana ujuzi adimu, na ambaye hupata mkataba mwingine kabla ya ule wa kwanza kukauka, huenda akafaidika zaidi kwa kubaki katika mikataba. Kila mtu aweke hesabu yake mwenyewe kwa karatasi na kalamu, wala asitumie hesabu ya jirani.

Tena hesabu si fedha tu. Kazi ya kudumu yaweza kumpeleka mtu mbali. Mwalimu wa Nyansiongo aweza kupelekwa Turkana, na mwuguzi wa Ogembo aweza kupelekwa Garissa. Mwenye mke na wazazi wazee akae nao, waseme nani atachuma chai, nani atampeleka mzee hospitali. Mtu akiondoka bila mazungumzo hayo, ataitwa nyumbani kila mwezi, na ruhusa za kila mwezi katika kipindi cha majaribio ni njia fupi ya kurudi nyumbani kabisa.

Wala tusidanganyane kwamba kudumu maana yake ni milele. Katika mashamba makubwa ya Kericho na Bomet, mashine za kuchuma chai zimechukua mahali pa mikono mingi, wakiwamo watu waliojiona wamekwisha ota mizizi. Mwezi wa Mei 2023 hasira ilipanda huko hata mashine zikachomwa moto. Tofauti ni kwamba mtu wa ajira ya kudumu akipunguzwa kazini hupewa notisi isiyopungua mwezi, na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Aliyetumika miaka 8 atapata malipo ya siku 120. Aliyeandikwa kwa msimu, msimu ukiisha, hupewa mkono wa kwaheri. Kudumu si ukuta usiobomoka. Ni ua wenye miti michache, lakini ua ni bora kuliko uwanja mtupu.

MASHAURI YETU

Kwa hayo yote, Kamati yatoa mashauri haya kwa kila mwanachama na kwa watoto wake.

Usiache kazi kwa neno la simu. Iache kwa barua. Barua hiyo iwe na jina la mwajiri, kazi yenyewe, mshahara, tarehe ya kuanza, muda wa majaribio, na sahihi. Ikiwa na mashaka, nenda mwenyewe ofisini kwao ukaulize, au mlete katibu wetu aisome pamoja nawe.

Usilipe kitu kwa ajili ya kazi. Mtu anayekuambia utume fedha kidogo kwa simu ili faili lako lisogee, huyo anauza asicho nacho. Wako wazazi waliouza ng'ombe, na wengine kipande cha shamba, wakapata barua za uongo. Wengine hawakusema mpaka leo kwa sababu ya aibu. Tunawaomba waseme, ili wengine wapone.

Soma mkataba unaouacha kabla ya kusoma barua unayoifuata. Tazama notisi, tazama kiinua mgongo, tazama kama kuna deni la mafunzo au mkopo unaokatwa katika mshahara. Mkopo haukomi kwa sababu kazi imekoma.

Toka kwa mlango uliongilia. Andika notisi, kabidhi vifaa, waage wakubwa na wadogo, uchukue cheti chako. Nchi yetu ni ndogo, na msimamizi wa leo aweza kuwa katika meza ya mahojiano ya kesho. Kijana fundi tuliyemtaja ametupa ruhusa kusema ya kuwa hatimaye alikwenda kwa msimamizi wake wa zamani, akaomba radhi, na cheti akaandikiwa.

Nambari yako ya mfuko wa malipo ya uzeeni wa taifa ni moja kwa maisha yako yote ya kazi. Mpe mwajiri mpya nambari hiyo hiyo, kisha uchunguze kama michango inaingia. Tangu mwaka 2023, chini ya sheria ya 2013, mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mshahara unaohesabiwa, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Mwajiri asiyepeleka fedha hizo anakula uzee wako.

JAMBO TUNALOOMBA MKUTANO ULIKATE

Mwisho tunakuja kwa kosa letu. Mtu anayetoka katika mkataba kwenda ajira ya kudumu ni kama mtu avukaye mto wakati wa mvua. Ukingo huu anaujua, na ukingo ule anauona. Anachokosa ni gogo la kukanyaga katikati. Gogo hilo ni mshahara wa mwezi mmoja, pengine na nusu. Tajiri hana haja nalo. Maskini bila hilo hurudi nyuma, ama huruka na kutumbukia.

Kwa hiyo Kamati yaomba mkutano ukubali kuongeza kifungu katika katiba yetu ili sehemu ya hazina itengwe kwa mikopo ya wanaovuka. Masharti tunayoyapendekeza ni haya. Mwombaji awe mwanachama aliyelipa ada zake, au mtoto wa mwanachama. Alete barua ya ajira, na katibu aithibitishe kwa mwajiri mwenyewe kabla ya fedha kutoka. Alete mkataba wa zamani pamoja na nakala ya notisi yake. Mkopo usizidi mshahara wa mwezi mmoja wa kazi anayoiacha. Awe na wadhamini wawili miongoni mwa wanachama. Aanze kulipa mwezi wa tatu wa kazi mpya, amalize katika miezi 6. Na akikosa kuthibitishwa baada ya majaribio, Kamati imsikilize kabla ya kuwaandama wadhamini.

Tunajua yatakayosemwa. Wako wazee watakaosema kuwa fedha za misiba zitapungua. Twajibu kwa heshima: hatuombi mfuko wa misiba uguswe. Twaomba ya kwamba katika kila michango ya mwaka sehemu ndogo iwekwe kando. Wako watakaosema kuwa vijana watakopa na kutoweka. Yawezekana mmoja akatoweka. Lakini tukumbuke kuwa anayepata kazi ya kudumu ndiye atakayelipa ada za chama hiki kwa miaka thelathini ijayo, naye ndiye atakayetuzika. Kumsaidia avuke si hisani tu. Ni kupanda mti ambao chama kitakaa chini ya kivuli chake.

Na dereva yule je? Yumo humu ukumbini pamoja nasi. Hakuhama chama, wala hakuacha kulipa ada yake, ingawa tulimwacha ukingoni. Juma lililopita alimwambia mweka hazina ya kuwa hataki tumwombe radhi. Anataka tu kifungu kile kiandikwe, ili ajapo mwingine na barua yake asiambiwe alivyoambiwa yeye.

Bwana Mwenyekiti, hilo ndilo ombi la Kamati. Tunaliweka mbele ya mkutano lijadiliwe, na baada ya majadiliano tunaomba kura ipigwe leo, kabla hatujatawanyika kurudi makwetu na makazini.